Mji Uliopanda Mawe

Feri ya Kamanga inapokaribia Mwanza ikitoka upande wa Sengerema, mgeni hutoa simu kupiga picha Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyobebana majini karibu na gati. Mwenyeji hana haja nalo. Ameshaliona kwenye kalenda na fulana mpaka limemchosha. Macho yake yako juu, vilimani. Kulia kwake ni Capri Point: miti imesongamana, nyumba ni za kuhesabika, kila moja na geti lake. Mbele ni Bugando, hospitali ikiwa imekalia kilele kizima. Kusini zaidi ni Igogo, na huko nyumba zimepandiana kuanzia usawa wa reli hadi pasipobaki kitu cha kupandia, mlango wa huyu ukitazama paa la yule.

Vilima ni vya aina moja na mvua inayovinyeshea ni moja. Kwa nini kimoja kikabaki na miti, kingine kikajaa matofali? Jibu la haraka, ambalo utalisikia ofisini na kwenye vikao vya mipango miji, ni kwamba Igogo na wenzake ni ujenzi holela. Jibu hilo linaanzia hadithi katikati. Ukiianza mwanzo utakuta kwamba vilima vizuri vya Mwanza viligawiwa mapema, na wakubwa, kwa wakubwa. Vilivyobaki wananchi wakajigawia wenyewe.

Mawe yenyewe ni itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, sehemu ya mwamba mkongwe unaobeba Usukuma wote. Ziwa mbele yake ni mtoto: halizidi sana miaka 400,000, tena liliwahi kukauka kabisa na kujaa upya kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe, hawakuwa na sababu ya kwenda kuishi juu ya mawe. Walitaka tambarare yenye udongo wa kulima mtama na majani ya mifugo. Vilima waliviachia kuni, nyani na pimbi. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja watu wangegombania kipande cha mwamba.

Mtu aliyekiingiza kilima cha Mwanza kwenye vitabu vya Ulaya hakuishi hapo hata wiki moja. Mwaka 1858 John Hanning Speke alimwacha mwenzake Richard Burton Kazeh, yaani Tabora, akiwa mgonjwa, akaelekea kaskazini na msafara mdogo. Katika msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India miaka mingi na kurudi Afrika akiwa mtu huru. Speke aliongea naye Kihindustani, na kila alichoambiwa na wenyeji kilipitia kinywani mwa Bombay. Tarehe 3 Agosti walipanda kilima na maji yakafunguka mbele yao. Mtawala wa pale, Mahaya, aliwapokea; palikuwa pia na mfanyabiashara Mwarabu, Mansur bin Salim, aliyekuwa akiifahamu nchi hiyo kabla yao. Speke hakupata chombo cha kumvusha, hakuzunguka, hakuona ng'ambo. Alikaa siku chache tu na kurudi akiwa na hakika ya mambo mawili: kwamba hapo ndipo Naili inapoanzia, na kwamba ana ruhusa ya kulipa ziwa jina la malkia wake. Kwenye mnara wa saa katikati ya mji pana kibao kinachokitaja kilima hicho kuwa ni Isamilo. Mahaya na Bombay hawamo.

Kwa miongo mitatu iliyofuata, bandari iliyojulikana na wasafiri haikuwa Mwanza. Ilikuwa Kageye, kijiji cha ufukweni kwenye Ghuba ya Speke, ambako mfanyabiashara Songoro alikuwa akiunda jahazi lake. Henry Morton Stanley alifika hapo Februari 1875 na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani kwa mabega ya wapagazi. Aliiunganisha, akalizunguka ziwa, na ubishi wa kama ni ziwa moja au madimbwi mengi ukaisha. Mwenzake Frederick Barker alifia Kageye mwaka huohuo na kuzikwa palepale. Wamisionari waliokuwa wakielekea Buganda nao walipitia huko, na mwaka 1883 Mapadri Weupe wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza ya leo. Songoro aliuawa Ukerewe mwaka 1877 pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza. Kageye imebaki kijiji.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Ukisimama pale bandarini utaelewa kwa nini: ghuba imejificha nyuma ya rasi, mawimbi ya ziwa kuu hayafiki kwa nguvu, na kila upande pana mwinuko wa kuonea mbali. Jiwe la majini walilipa jina la kansela wao wa zamani. Inasimuliwa hata kwamba paliwekwa sanamu yake juu ya jiwe, ikaanguka ziwani. Wanaotembeza watalii hawaiachi hadithi hiyo, na mimi siwalaumu. Wazee husimulia pia juu ya mti wa katikati ya mji uliotumika kunyongea watu. Kilicho wazi zaidi kuliko sanamu na mti ni kodi. Mwaka 1898 kodi ya kibanda ilianza, na mwenye kibanda alipaswa kutafuta fedha mahali fulani: abebe mizigo, auze ngozi, au alime pamba. Mwanza ilikuwa dirisha la kulipia na ghala la kupokelea.

Kisha reli ikabadili kila kitu, ingawa haikuwa reli ya Wajerumani. Mwaka 1901 njia ya chuma kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Ghafla Mwanza ikawa karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam, kwani meli za Waingereza zilichukua ngozi, karanga, mchele na pamba hadi Kisumu, na mabehewa yakamalizia safari. Wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata njia hiyo kwa kinyume, kutoka Kisumu kuja kusini, wakajenga maduka katika kipande cha tambarare kati ya bandari na Mto Mirongo. Ndiyo barabara zilezile nyembamba za katikati ya mji za leo, nyingine zikiwa bado na baraza za mbele na ghorofa za makazi juu ya duka. Koloni la Mjerumani likawa linahesabia faida yake kwenye bandari ya Mwingereza.

Julai 1916 Waingereza waliuteka mji wakitokea ziwani, na Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikaingia Mwanza ikifuata ukingo wa maji, ikipita miguuni mwa vilima vya Mkuyuni na Igogo. Mstari huo wa chuma ndio uliopanga mji wa wafanyakazi. Bandari ya kusini, stesheni, maghala na viwanda vya kuchambua pamba vilihitaji mikono, na mikono ilihitaji mahali pa kulala ambapo mtu angeweza kushuka kwa miguu alfajiri.

Lakini mahali pa kulala palikuwa na sheria zake. Kila aliyeishi mji wa Tanganyika enzi ya Mwingereza anajua ile mitaa mitatu: uzunguni, uhindini, uswahilini. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: upepo wa juu haukuwa na mbu, na mzungu alipaswa kulindwa dhidi ya malaria. Dar es Salaam, mji wa tambarare, ilibidi wachore mistari na kuacha viwanja wazi kutenganisha watu. Mwanza mistari ilikuwepo tayari. Uzunguni ilipanda Isamilo na rasi ya Capri Point, penye upepo na mandhari. Uhindini ilikaa chini, dukani kwake. Uswahilini ikasukumwa pembeni, Kirumba upande wa kaskazini, Mbugani na kandokando ya Mirongo, mahali ambapo mto ukivimba unaingia ndani bila kubisha hodi. Watu waliwekwa bondeni kwa hoja ya afya ya wale walio mlimani. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi kwenye historia ya miji yetu, na bado ujasiri wake hunishangaza.

Pamba ilizidi kukua baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na wakulima wakachoka kuibiwa kwenye mizani. Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini, alizunguka vijijini akiwaunganisha. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lenye makao makuu Mwanza, ambalo mara nyingi hutajwa kuwa chama kikubwa kuliko vyote vya Waafrika barani kwa wakati wake. Serikali ya kikoloni iliiogopa siasa, ikakinyima chama cha TANU ruhusa ya kuendesha matawi katika Jimbo la Ziwa tangu mwisho wa 1954 hadi 1958. Kwa hiyo siasa ikavaa koti la ushirika. Mwaka 1958 watu wa Geita, wakikataa halmashauri ya rangi zote waliyoletewa bila kuulizwa, walivuka ghuba kuja Mwanza kwa wakubwa wa jimbo. Walipiga kambi mjini, wakakataa kuondoka, hadi polisi walipowatawanya kwa mabomu ya machozi. Kwa siku hizo, uwanja wa mji wa wakoloni ulikuwa wa watu waliokuja kwa miguu na mitumbwi.

Uhuru ulipokuja, barabara za chini zilipata majina mapya: Lumumba, Nkrumah, Kenyatta, Rwagasore. Ukizipita zote kwa nusu saa umeshasoma magazeti ya Afrika ya miaka ile. Mlimani mambo yalibadilika kidogo sana. Wakubwa wapya walihamia nyumba za wakubwa wa zamani Isamilo na Capri Point, wakarithi bustani, madirisha makubwa na umbali kati ya nyumba na nyumba. Siwezi kusema walikosea. Nyumba zilikuwepo na kazi ilikuwepo. Ila ugawaji wa kilima ulipita kutoka mkono hadi mkono bila kufunguliwa upya.

Hapo ndipo kinapoingia kisiwa cha Saanane. Kisiwa hicho kidogo cha mawe, kama kilomita mbili kutoka katikati ya mji, kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi. Mwaka 1964 serikali ilikichukua na kukifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mzee akaondoka, jina lake likabaki. Walipelekwa wanyama ambao mkazi wa mjini, hata Msukuma wa Magu, huenda hakuwahi kuwaona kwa macho yake: nyati, hata faru. Shule zilileta watoto kwa boti, na kwa kizazi kizima cha Kanda ya Ziwa neno "Saanane" lilikuwa na maana ya safari ya shule, juisi ya chupa na simba ndani ya wavu. Mwaka 1966 Chuo cha Wanyamapori Pasiansi kilianza kufundisha askari wa wanyamapori upande wa pili wa mji, nacho kimewapeleka vijana katika hifadhi za nchi nzima.

Bustani ya wanyama ilichoka pole pole, kama zilivyochoka bustani nyingi za namna hiyo. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, tena sehemu kubwa ni maji na vijisiwa viwili vya jirani. Huko sasa wanaishi swala, tumbili, pimbi na wale mijusi wenye kichwa cha rangi ya waridi na mwili wa buluu, wanaoota jua juu ya itale ileile iliyoko Igogo. Njia za miguu zinapita kati ya mawe hadi juu, na kutoka hapo unauona mji mzima. Ni matembezi mazuri kuliko yote ya Mwanza na nayapendekeza kwa yeyote. Lakini tusidanganyane: bustani pekee ya maana katika mji wa watu zaidi ya milioni moja iko majini, inafikiwa kwa boti na tiketi, na ilianza kwa kumhamisha mwenyeji mmoja. Bara, kwenye vilima vyenyewe, hakuna aliyetenga eneo la aina hiyo.

Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Mwatex kilifunguliwa, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Aprili 1971 sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikaipiga uhindini: majengo mengi yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na familia nyingi zikafunga virago. Mwaka huohuo hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada wa wafadhili wa Ujerumani, ilifunguliwa juu ya kilima chake. Mwaka 1972 ikataifishwa, na mwaka 1985 ikarudishwa chini ya usimamizi wa maaskofu. Bugando ilifanya jambo moja ambalo hakuna mpango wa mji uliowahi kulifanya. Ilimfanya mtu wa kawaida apande kilima cha katikati ya mji kila siku kama haki yake: mgonjwa, mama mwenye mtoto mgongoni, muuza uji, ndugu waliobeba mikeka ya kulalia nje ya wodi.

Sasa fikiria mfanyakazi wa Mwatex, wa reli, wa bandari au wa kiwanda cha ngozi katika miaka ya 1970. Kiwanja kilichopimwa kiko mbali, kinakuja kwa barua, na barua haiji. Tambarare imejaa, na bonde la Mirongo lina mafuriko. Kilichobaki kitupu, karibu na kazi, bila mwenye kukilinda, ni mteremko wa mawe. Akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, akaandikishwa mbele ya mashahidi, akalipa mwenye shamba wa chini ya kilima, akaanza kupasua jiwe. Jiwe lililomkwaza ndilo likawa msingi. Nyumba ya kwanza ilikaa chini, ya pili juu yake kidogo, na ya tatu ikabidi ipite uani kwa ya pili. Njia za Igogo, Mabatini, Isamilo ya nyuma na Kilimahewa hazikuchorwa na mpima ardhi. Zilichorwa na kisigino cha mtu aliyekuwa akitafuta mahali pasipoteleza.

Makoroboi, katikati ya mji, ni ushahidi mwingine wa akili hiyohiyo. Kwenye mawe nyuma ya maduka na hekalu la Wahindu, mahali ambapo hakuna aliyetaka kujenga, mafundi wa bati walikaa wakageuza makopo na mabati chakavu kuwa koroboi, ndoo, majiko na masanduku ya shule. Mahali pakaitwa kwa bidhaa yao. Baadaye wamachinga wakaja kwa maelfu, wakatimuliwa, wakarudi, wakahamishwa tena mwaka 2021 wakati wa kuwapanga wamachinga nchi nzima. Nyundo hazikuacha kulia.

Miaka ya 1980 na 1990 ilileta wimbi jingine, nalo lilitoka majini. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alikuwa ameshawala furu karibu wote na kunenepa. Viwanda vya minofu vikajengwa ufukweni, ndege za mizigo zikaanza kutua Ilemela kuchukua minofu kwenda Ulaya, na vijana wakaja kutoka Mara, Shinyanga, Kagera na Kigoma. Minofu ilipanda ndege. Mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki, yalikaangwa na kuliwa vilimani. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliwaonyesha watazamaji wa Ulaya upande huo wa biashara, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliishambulia hadharani kwa kulichafulia taifa jina. Palikuwa na kelele nyingi pande zote mbili. Ninachokumbuka katika mjadala ule ni jinsi swali la makazi lilivyokosekana: wale waliokuwa wakiandamana kuipinga filamu na wale waliokuwa ndani ya filamu walipanda vilima vilevile jioni.

Kaskazini, Kirumba nayo iligeuka. Mwaloni, soko lake la ufukweni, likawa moja ya masoko makubwa ya dagaa na samaki wakavu katika ukanda huu, wanunuzi wakitoka hadi Kongo na Burundi. Uwanja wa CCM Kirumba ukawa nyumba ya mpira, na kiwanja cha Furahisha kikawa mahali pa mikutano, injili na siasa, kwa sababu rahisi kwamba ni miongoni mwa sehemu chache tambarare ambazo hakuna aliyezijenga. Uwazi katika Mwanza huwa ni wa bahati. Uwanja wa Nyamagana, Furahisha, na ukingo wa mto pale usipoweza kujengwa: toa hivyo, na mtoto wa mjini ana kichochoro.

Tarehe 21 Mei 1996 alfajiri, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza ikitoka Bukoba na Kemondo. Watu zaidi ya 800 walikufa. Wengi ambao hawakuchukuliwa na ndugu zao walizikwa Igoma, mashariki mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Hapo pana makaburi na mnara, na kila tarehe hiyo watu huenda na mashada. Igoma ilikuwa kijiji cha pembeni siku ile. Mji umeshaipita, makaburi sasa yamezungukwa na stendi, maduka ya vifaa vya ujenzi na nyumba za kupanga, na kijana aliyezaliwa hapo baada ya mwaka 1996 hupita kando ya mnara kila siku akienda kazini.

Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Mwaka 2012 iligawanywa kuwa halmashauri mbili, Jiji upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, na mpaka wao unapita katika mji mmoja ambao mkazi wake haoni tofauti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Sehemu kubwa yao wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Ukiwaita hao "wavamizi", umesema kwamba mji wenyewe ni uvamizi.

Maisha ya juu yana uchumi wake. Mfuko wa saruji una bei mbili: bei ya dukani, na bei ya kuufikisha kileleni kwa bega la kijana. Mchanga hupanda kwa ndoo, tofali kwa hesabu ya vipande. Kitanda kipya hufunguliwa barabarani na kufungwa tena ndani. Mjamzito hushuka kabla ya siku zake, akakae kwa ndugu wa chini, na jeneza hubebwa na watu wanaojua kupokezana kwenye kona. Maji yalikuwa shida kubwa, katika mji unaotazama kilomita za mraba 68,800 za maji, kwa kuwa kuyapandisha kunataka pampu na umeme. Choo kilikuwa shida kubwa zaidi: huwezi kuchimba shimo kwenye mwamba, na kinachomwagika juu kinamkuta aliye chini, kisha Mirongo, kisha ziwa. Ndiyo maana mtandao mwepesi wa majitaka uliojengwa na mamlaka ya maji ya mji, MWAUWASA, mabomba membamba yakishuka kati ya nyumba na nyumba katika vilima kadhaa, naona ni kazi kubwa kuliko maduka yote ya kioo yaliyozinduliwa kwa mbwembwe. Haukumwambia mtu ahame. Ulikubali kwamba nyumba ipo.

Ufukwe, kwa upande wake, umekwenda kinyume na vilima. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Zunguka basi ukitafuta mahali ambapo mtoto wa Mabatini anaweza kugusa maji bila kulipa kiingilio au kufukuzwa na mlinzi. Utakuta hoteli, viwanda, kuta, yadi za boti. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda kupita kiwango cha 1964, kilichokuwa kikitajwa na wazee kama ajabu ya maisha yao, likaingia kwenye kumbi, bustani na magati. Wakati huo mita 60 zilipimwa na mpimaji asiyepokea barua za rufaa.

Mpango kabambe wa jiji wa 2015 hadi 2035, ulioandaliwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Singapore, una ramani nzuri: minara, bustani za ufukweni, barabara za mzunguko. Nimeutazama kwa hamu na kwa tahadhari, maana Mwanza ina historia ndefu ya ramani zinazomaliza rangi kabla ya kufika vilimani. Kilichofika ni jambo dogo ambalo halikuhitaji mtaalamu wa mbali. Halmashauri zilianza kujenga barabara za mawe. Itale ile iliyokuwa kikwazo huchongwa vipande kwa nyundo na tindo, hupangwa kwa mkono juu ya mteremko, hufungwa kwa saruji, na barabara hiyo haichimbwi na masika kama changarawe. Haihitaji lami ya kuagizwa, na fedha nyingi hubaki kama ujira kwa vijana wanaochonga na kupanga. Wahandisi kutoka mikoa mingine wamekuja kuitazama.

Barabara ya mawe ikifika, mambo hubadilika ndani ya miezi. Bodaboda hupanda hadi kona ambayo zamani ilikuwa ya mbuzi, gari la maji machafu linaweza kufika, na mwenye nyumba anaanza kuzungumza juu ya hati. Wapangaji wa zamani husikia habari ya kodi mpya kabla saruji haijakauka vizuri, kwa hiyo wengine husogea ngazi moja juu, kwenye sehemu ya mwinuko ambayo hata barabara ya mawe haiwezi kuishika. Hapo pikipiki huzima, abiria hushuka, na vijana waliokaa kivulini husimama kuulizia mzigo: ni wa kilo ngapi, na unakwenda nyumba ya nani.